Je, makaburi ya Mafarao yalichongwa na watumwa? Jibu kwa fundi mwashi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi mwashi, nipo Morogoro. Mwanangu anayesoma sekondari ameniambia kwamba mapiramidi na makaburi ya wafalme wa Misri yalijengwa na watumwa waliochapwa viboko mpaka wakafa. Lakini mimi nikiangalia picha za zile kuta zilivyonyooka na zilivyopakwa rangi, naona kazi ya mtu anayejua kazi yake na kuipenda. Ukweli ni upi? Na kama historia inaandika wafalme tu, nyinyi mmejuaje maisha ya mafundi: walilipwa nini, walikaa wapi, walipumzika, waliumwa? Halafu naomba uniambie, walinyoosha kuta kwa vifaa gani?

JIBU: Marahaba, fundi. Jicho lako halikukudanganya. Watu waliochonga na kupaka rangi makaburi ya wafalme kule Luxor hawakuwa watumwa. Walikuwa mafundi wa serikali, kazi wakirithishana baba kwa mwana, wakipokea posho kila mwezi, wakiwa na nyumba, wake, watoto, madeni na kesi barazani. Na posho ilipochelewa kupita kiasi, waliacha kazi wakagoma. Haya hatuyakisii. Waliyaandika wenyewe, na maandishi yao tunayo.

Piramidi nitazisemea kwa kifupi, maana mwanao, kama walivyo wengi, ameunganisha vitu viwili vilivyopishana kwa miaka 1,000 hivi. Piramidi Kuu ya Giza ni ya Farao Khufu, miaka 4,500 na kitu iliyopita. Makaburi yenye kuta unazozisifia yamechimbwa ndani ya mwamba katika Bonde la Wafalme, magharibi ya Mto Nile, ng'ambo ya mji wa leo wa Luxor, na yalianza kuchimbwa karibu mwaka 1500 KK. Dhana ya watumwa ina mizizi yake. Mgiriki Herodotus, aliyefika Misri karne ya 5 KK, aliandika kwamba Khufu aliwalazimisha Wamisri wote wamtumikie, watu 100,000 kwa zamu za miezi mitatu mitatu. Lakini Herodotus alifika miaka 2,000 baada ya piramidi kukamilika, na aliandika alichosimuliwa. Wengine huchanganya na habari za Wana wa Israeli, ilhali Kitabu cha Kutoka kinasema juu ya kufyatua matofali na kujenga miji ya akiba, Pithomu na Ramesesi. Piramidi hakizitaji hata mara moja.

Ardhi ya Giza yenyewe imetoa ushahidi mwingine. Mwaka 1990 yaligunduliwa makaburi ya waliozijenga piramidi, yakiwa jirani kabisa na piramidi hizo, na baadhi ya waliozikwa humo wameandikiwa majina na vyeo vyao. Mtumwa wa kuchapwa hadi afe hapewi heshima hiyo. Karibu na hapo mwanaakiolojia Mark Lehner na timu yake wamefukua mji wa wafanyakazi, wenye matanuri ya mikate na mifupa tele ya ng'ombe, kondoo na mbuzi waliochinjwa kwa kitoweo. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, mwanaakiolojia Pierre Tallet na wenzake walipata mafunjo, yaani karatasi za matete, yenye maandishi ambayo ni ya kale kuliko mengine yote tuliyonayo. Humo mna kumbukumbu za kila siku za msimamizi aitwaye Merer, aliyeongoza kikosi cha kusafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka machimbo ya Tura hadi Giza, kwa ajili ya piramidi ya Khufu.

Sitaki nikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Misri ya kale ilikuwa na watumwa, wengi wao mateka wa vita, na raia wa kawaida angeweza kushurutishwa kwenda kufanya kazi ya mfalme kwa msimu, atake asitake. Fimbo nayo ilikuwepo. Hata hivyo fundi stadi alikuwa mtu mwingine, na habari zake tunazipata kwa undani usio na mfano katika kijiji kimoja.

Kijiji hicho kiko kwenye kibonde kikavu kati ya mashamba ya kando ya Nile na Bonde la Wafalme. Leo kinaitwa Deir el-Medina. Kilianzishwa mwanzoni mwa nasaba ya 18, yaani ukoo wa 18 wa wafalme wa Misri. Ukuta wake wa kwanza una matofali yenye muhuri wa Farao Thutmose wa Kwanza, na watu waliishi hapo kwa zaidi ya miaka 400. Mfaransa Bernard Bruyère alianza kukifukua mwaka 1922 na hakuacha mpaka 1951. Mwaka huohuo wa 1922, mwezi Novemba, upande wa pili wa mlima, Mwingereza Howard Carter alilifikia kaburi la Farao Tutankhamun na dunia nzima ikageukia dhahabu. Mimi ningeambiwa nichague kimoja kati ya viwili hivyo, ningechagua kijiji bila kusita. Kaburi lile linaeleza namna alivyozikwa kijana mmoja. Kijiji kinaeleza namna vizazi kadhaa vya watu vilivyokula, vilivyodaiana, vilivyogombana na vilivyolea watoto. Na isitoshe, vibanda vya mafundi hawahawa, vilivyojengwa baadaye juu ya mlango wa Tutankhamun, vilichangia kulificha kaburi hilo lisionekane.

Ndani ya ukuta wa kijiji mlikuwa na nyumba zipatazo 68, zimebanana, zikishirikiana kuta, na njia moja nyembamba ikipita katikati. Nyumba ya kawaida ilikuwa na meta za mraba 70 hivi, ndefu na nyembamba. Ukitoka njiani unashuka ngazi chache na kuingia chumba cha kwanza, chenye jukwaa la matofali kwenye kona lililozungushiwa ukuta mfupi. Mara nyingi jukwaa hilo lilichorwa Bes, mungu wao mfupi mwenye uso wa kutisha, mlinzi wa wajawazito na watoto. Chumba cha pili ndicho kikubwa: dari yake iko juu zaidi ili madirisha madogo yaingize mwanga, imeshikwa na nguzo, na kando kuna jukwaa la kukalia. Chini ya sakafu kulikuwa na stoo. Kisha unapita chumba kimoja au viwili vidogo, na nyuma kabisa ni jiko la wazi, lenye tanuri la mkate, jiwe la kusagia, na ngazi ya kupandia juu ya paa, ambako walilala usiku wa joto. Msingi ni wa mawe, kuta ni za tofali bichi, zimepigwa lipu na kupakwa chokaa. Jina la mwenye nyumba liliandikwa kwenye miimo ya mlango. Wewe ramani ile ungeielewa haraka kuliko mimi nilivyoielewa.

Kitu kimoja hakikuwepo: maji. Hakuna kisima pale. Serikali iliwapangia wachota maji waliopanda na punda kutoka bondeni kila siku, pamoja na wavuvi, wakata kuni, wafinyanzi, wakulima wa mboga na hata madobi. Wachota maji wengi walikodi punda wao kutoka kwa mafundi, na kesi za punda ni nyingi ajabu: punda amekufa mikononi mwa mkodishwaji, kodi ya punda haijalipwa, punda aliyerudishwa si yule aliyechukuliwa.

Hapa ndipo ninaweza kujibu swali lako la "mmejuaje". Mwamba wa chokaa wa mlima ule ukigongwa unatoa vipande bapa, vyeupe, na vilikuwa vimezagaa kila mahali. Mafunjo yalikuwa na gharama. Basi watu wa kijiji waliandika juu ya vipande vya mawe na vigae vya mitungi iliyovunjika, kama fundi wa leo anavyopiga hesabu ya mchanga juu ya mfuko mtupu wa saruji. Risiti, madeni, mahudhurio, barua za haraka, sala, mashairi ya mapenzi, mazoezi ya wanafunzi wa ukarani, michoro ya kuchekesha ya paka na panya. Wakimaliza walitupa. Kaskazini ya kijiji kuna shimo kubwa lenye kina cha meta 50 hivi, ambalo inaaminika lilichimbwa kutafuta maji yasiyopatikana. Baadaye likajazwa taka, na humo vimetoka vipande elfu kadhaa vyenye maandishi. Hewa kavu ya jangwani ilivihifadhi. Mcheki Jaroslav Černý alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kusoma mwandiko huo wa haraka wa makarani, na kila anayekijua kijiji hiki leo anamdai Černý shukrani.

Na si wote waliojua kusoma. Kuna orodha za nguo za kufuliwa ambazo badala ya maneno zina picha: shuka, kanzu, winda, na vitone vya kuonyesha idadi, ili dobi asikosee. Pia kila fundi alikuwa na alama yake, kwa hiyo hata asiyejua kusoma aliitambua alama yake kwenye orodha ya zamu.

Sasa malipo. Fundi wa kawaida alipata magunia 4 ya ngano na gunia 1 na nusu la shayiri kwa mwezi. Gunia lao lilikuwa na ujazo wa lita 77 hivi, kwa hiyo ni lita 300 na kitu za ngano ya mkate, na zaidi ya lita 110 za shayiri, ambayo nyingi ilienda kwenye pombe. Mnyapara na karani walipata magunia 7 na nusu. Tofauti hiyo inanigusa kila nikiifikiria: bosi alimzidi fundi kwa magunia 2 tu. Juu ya nafaka kulikuwa na samaki, mboga, kuni, vyungu, na katika sikukuu nyama, mafuta na chumvi. Familia isiyo kubwa sana ilibakiwa na nafaka ya kubadilishana.

Sarafu hazikuwepo. Thamani ya kitu ilipimwa kwa uzito wa shaba uitwao deben, gramu 91 hivi, lakini shaba yenyewe si lazima ipite mkononi. Kuna hesabu ya askari mmoja aliyenunua ng'ombe wa deben 50 kutoka kwa fundi. Alilipa mtungi wa mafuta ya mnyama wenye thamani ya deben 30, kanzu mbili za deben 10, vipande vya shaba vya deben 5, na mafuta ya mimea ya deben 5. Ng'ombe akachukuliwa. Mafundi walijiongezea kipato kwa kazi za pembeni baada ya zamu: majeneza, vitanda, sanamu, kuchora makaburi ya watu binafsi. Jeneza la mbao lililopambwa liliweza kufika deben 20, 30 au zaidi. Makaburi yao wenyewe waliyachimba mlimani juu ya kijiji, na rangi zake, ukiniuliza mimi, zinashinda za wafalme kwa uchangamfu.

Kikosi kiligawanywa pande mbili, kulia na kushoto, kila upande na mnyapara wake. Idadi yao ilipanda na kushuka. Miaka mingi ilikuwa kati ya 40 na 60, na chini ya Farao Ramesses wa Nne ikafikishwa 120. Wiki yao ilikuwa ya siku 10: kazi siku 8, mapumziko 2. Katika siku za kazi hawakurudi nyumbani. Walilala kwenye vibanda vya mawe mgongoni mwa mlima, kisha asubuhi wakashuka bondeni kaburini. Karani alihesabu tambi za taa zilizotolewa stoo, na tindo za shaba, ambazo zilikuwa mali ya serikali, zilipimwa uzito zikitolewa na zikirudishwa, ili mtu asikate kipande cha shaba akaenda nacho nyumbani.

Ukitaka kuwaona kwa karibu, kuna kipande kimoja cha jiwe la chokaa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Ni daftari la mahudhurio la mwaka wa 40 wa utawala wa Ramesses wa Pili, karibu miaka 3,200 na zaidi iliyopita. Majina ya mafundi 40 yamepangwa pembeni. Mbele ya kila jina kuna tarehe alizokosa kazini kwa wino mweusi, na juu ya kila tarehe karani ameandika sababu kwa wino mwekundu. Huyu ameumwa na nge. Huyu macho yanamsumbua. Huyu anatengeneza pombe. Huyu anamfunga mama yake sanda. Huyu anajenga nyumba yake. Huyu mkewe au binti yake yuko katika siku zake, kwa hiyo yeye amebaki nyumbani. Wengine hawapo kwa kuwa mkubwa wao amewatuma kazi zake binafsi, jambo ambalo nadhani halihitaji maelezo kwa mtu aliyefanya kazi saiti. Na yuko mmoja asiyeonekana mara kwa mara kwa sababu yuko na wenzake wagonjwa, anawatengenezea dawa. Alikuwa tabibu wa kikosi, na matabibu wa aina yake walipewa posho ya ziada.

Fikiria, fundi: mwenye watumwa wa kuchapwa hadi wafe haandiki kwa wino mwekundu kwamba Fulani leo anamzika mama yake.

Umeuliza kama waliumwa. Sana, na macho hasa, jambo lisilo la ajabu kwa watu walioshinda kwenye vumbi la chokaa na moshi wa taa. Kuna barua ya mchoraji aitwaye Pay kwa mwanawe, mchoraji vilevile. Anamsihi asimpe kisogo, kwani yuko gizani tangu mungu Amun alipomgeuzia mgongo. Anaomba aletewe asali ya kutia machoni, udongo mwekundu, na wanja mweusi ulio halisi. Fanya haraka, anamwambia. Kwani mimi si baba yako? Natafuta kuona kwangu, na hakupo. Mchoraji aliyepoteza macho alikuwa amepoteza kazi. Mifupa yao nayo inasema: mtaalamu Anne Austin, aliyechunguza mabaki ya wanakijiji, alikuta viungo vya miguu ya wanaume vimechakaa, kwa kupanda na kushuka mlima ule wiki baada ya wiki.

Mapumziko yalikuwepo, na sikukuu zilikuwa nyingi. Kubwa kwao ilikuwa ya Amenhotep wa Kwanza, mfalme wa zamani waliyemfanya mlezi wa kijiji. Kigae kimoja kinasimulia kikosi kilivyosherehekea mbele yake siku nne nzima, wakinywa pamoja na wake zao na watoto wao. Sanamu yake ilitumika pia kama hakimu. Ilibebwa mabegani, ikaulizwa swali la shauri gumu, kama vile nyumba hii ni ya nani au nani ameiba nguo. Ikisogea mbele ni ndiyo, ikirudi nyuma ni hapana. Waliobeba ni mafundi wenyewe, waliomjua mshtaki na mshtakiwa, kwa hiyo mimi naiona ile kama kura ya majirani.

Wanawake wa kijiji hawakuwa watu wa kunyamaza. Karibu mwaka 1145 KK, mwaka wa 3 wa Ramesses wa Tano, mama mmoja mzee, Naunakhte, alikwenda mbele ya baraza la kijiji kutoa wosia. Alisema yeye ni mwanamke huru wa nchi ya Farao, amewalea watoto wanane na kuwapa kila kinachostahili, na sasa amezeeka nao hawamtunzi. Yule aliyemshika mkono atarithi mali yake, asiyemshika, hatapata. Akawataja kwa majina. Mwana mmoja, Kenherkhepeshef, akampa na bakuli la shaba nyeusi kama ziada. Mali ya baba yao hakuwazuia, maana hiyo haikuwa yake. Lakini yake mwenyewe aliigawa alivyotaka, na baraza likaandika.

Sasa nije kwenye mgomo, kwa sababu ndio unaolijibu swali la mwanao moja kwa moja. Ni mwaka wa 29 wa Ramesses wa Tatu, karibu 1157 KK. Hazina ya mfalme ilikuwa imebanwa, baada ya vita na Walibya na wale waliovamia kwa njia ya bahari, na posho zilianza kuchelewa. Karani Amennakht aliyaandika yaliyotokea, na mafunjo yake yapo Turin, Italia. Siku ya 10 ya mwezi wa pili wa majira ya baridi, kikosi kizima kilipita vituo vitano vya ulinzi vya makaburi, wakisema: tuna njaa, siku 18 zimeshapita. Wakaenda kuketi nyuma ya hekalu la Thutmose wa Tatu. Viongozi wakawafuata wakiwaapia kwamba wana neno la Farao, warudi. Hawakurudi. Kesho yake wakaenda hekalu la Ramesses wa Pili, na siku iliyofuata wakaingia ndani kabisa. Hapo walisema maneno ambayo mpaka leo yanasomeka: tumefika hapa kwa njaa na kiu, hatuna nguo, hatuna mafuta, hatuna samaki, hatuna mboga. Mwandikieni Farao, bwana wetu mwema, na mwandikieni waziri, mkubwa wetu, tupate riziki.

Siku hiyo walipewa posho ya mwezi uliotangulia. Hawakuridhika, wakaidai na ya mwezi uliokuwapo. Mkuu wa askari wa makaburi, Montumes, ambaye ungedhani angewafukuza kwa marungu, aliwaambia wakusanye vifaa, wafunge milango, wawachukue wake na watoto, naye atawatangulia mpaka hekalu la Seti wa Kwanza wakaketi huko. Baadaye waziri To alituma ujumbe: msiseme nimewanyima, mimi niliyewekwa ili nitoe, hata maghala yenyewe ni matupu, lakini nitawapa nilichokipata. Wakapewa nusu posho. Migomo ikaendelea kwa miezi, na iliibuka tena chini ya wafalme waliofuata. Ni mgomo wa kwanza wa wafanyakazi ulioandikwa tunaoujua duniani. Hata nisome mara ngapi, ninachokiona ni watu wanaojua kwamba posho ni haki yao, na viongozi wanaojua hivyohivyo, hata pale walipokosa cha kuwapa.

Usije ukadhani kijiji kilikuwa cha watakatifu. Mnyapara aitwaye Paneb alishtakiwa kwa orodha ndefu: kuiba kwenye kaburi la Seti wa Pili, kuwatumikisha mafundi kazi zake, kulala na wake za watu, kutishia kumuua mnyapara mwenzake. Mshtaki wake alikitaka cheo chake, kwa hiyo si kila neno ni la kuamini, lakini Paneb anatoweka kwenye kumbukumbu muda mfupi baadaye. Na katika kijiji hichohicho kulikuwa na wanawake watumwa waliotolewa na serikali kusaga nafaka, siku zao zikigawanywa kwa zamu kati ya nyumba na nyumba. Wenye zamu waliweza hata kuiuza. Kwa hiyo mwanao akikuuliza tena kuhusu watumwa, mwambie walikuwepo, nao walikuwa wamepiga magoti kwenye jiwe la kusagia. Majina yao karibu yote hatunayo.

Mwisho umetaka kujua vifaa. Nenda, hata kwa picha, kwenye kaburi la Farao Horemheb katika Bonde la Wafalme, ambalo halikukamilika, ndiyo maana linafaa sana kufundishia. Wakata mawe walitangulia na tindo za shaba na nyundo za mti. Wapiga lipu wakasawazisha. Kisha kamba iliyochovywa rangi nyekundu ilivutwa na kupigwa ukutani kuweka miraba ya vipimo. Mchoraji akachora kwa rangi nyekundu. Bingwa wake akapita juu na wino mweusi kusahihisha bega lililopinda au mguu uliozidi. Wachongaji wakafuata mistari myeusi, na wapaka rangi wakaja nyuma yao. Kwa kuwa Horemheb alizikwa kabla kazi haijaisha, hatua hizo zote ziko wazi, ukuta huu umefika hapa, ule umefika pale.

Vifaa vya kunyooshea vimepatikana katika kaburi la Sennedjem, fundi wa kijiji hicho, lililofunguliwa mwaka 1886 likiwa halijaguswa. Kulikuwa na timazi ya kupimia ukuta wima, pembe mraba ya mbao, na pima maji ya zamani: fremu ya mbao yenye umbo la herufi A, ambayo uzi wenye kizito unaning'inia kutoka kileleni, ukisimama kwenye alama ya katikati basi sakafu imelala sawa. Vyote ungevitumia kesho bila kufundishwa. Kaburi la Kha, msimamizi wa kazi wa nasaba ya 18, alilipata Mtaliano Ernesto Schiaparelli mwaka 1906, na karibu vitu vyake vyote vimehamishiwa Turin, mikate, nguo, vitanda na viti. Humo mna fimbo mbili za kupimia, kila moja dhiraa moja, yaani sentimita 52 na nusu hivi, iliyogawanywa viganja 7 na kila kiganja vidole 4. Moja imefunikwa dhahabu, zawadi ya Amenhotep wa Pili, na haina dalili ya kutumika. Nyingine ni ya mbao, ya kukunja, na ina mfuko wake wa ngozi wa kubebea.